Kahawia, Nyeusi, Nyekundu

Wiki ya sita taa za zahanati yetu hazikuwaka. Fundi wa mjini aliahidi kuja, akaahidi tena. Usiku nesi alizalisha akina mama huku simu ya tochi ameing'ata kwa meno, na paneli iko juu ya bati, jua la Masasi linaipiga bure kutwa. Hilo liliniuma sana.

Asubuhi moja akaja shangazi, betri ndogo kaifunga nyuma ya baiskeli. Alikuwa amerudi kutoka Tilonia, jimbo la Rajasthan, India. Kule, katika Chuo cha Barefoot, alikaa miezi sita na wanawake wenzake wa Lindi na Mtwara, wakifundishwa sola kwa rangi na ishara za mikono, maana Kiingereza hawakukijua, Kihindi ndiyo kabisa. Bunker Roy, mwanzilishi wa chuo hicho, aliwataka akina mama na mabibi: kijana ukimpa cheti, anahamia mjini.

Mzee mmoja akanivuta pembeni. "Una hakika na shangazi yako?" Nilikuwa kidato cha tatu, kanuni ya Ohm naijua kwa kichwa, lakini kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa paneli uingie kwenye betri, sijawahi kuiona ndani.

Shangazi akapima waya za paneli: volti 19. Upande wa betri, hakuna kitu.

"Basi mgonjwa ni huyu," akasema, akafungua kontrola.

Rezista moja, kile kijidude kinachozuia umeme usipite mwingi, ilikuwa imeungua upande mmoja, ila mistari yake ya rangi bado inasomeka. Akanipa kopo la vipuri. "Kahawia, nyeusi, nyekundu. Nitafutie mwenzake."

"Omu 1,000," nikasema nilipoipata, maana kila rangi ina namba yake.

"Sawa, baba. Mimi naijua kwa rangi." Kisha akaunga kwenye betri yake chuma cha kuyeyushia risasi, ile madini laini ya kuungia waya, na kunikabidhi. "Chomelea wewe. Siku nikiumwa, watamwita nani?"

Risasi yangu ya kwanza ilifanya donge. Akaifuta. Ya pili ikapoa kabla haijashika. Akaifuta tena, bila neno, huku ameushika mkono wangu usitetemeke. Ya tatu ikang'aa.

Taa ndogo ya kontrola ikawaka kijani. Betri ya zahanati ilihitaji jua la kutwa ndipo ijae, kwa hiyo akaunga ile yake. Nesi akabonyeza swichi ya chumba cha kujifungulia, saa sita mchana, madirisha wazi, akasimama chini ya taa ile na kukataa kuizima.