Ile “haya” ya Mjomba

Leo siku ya nne na bado naisikia. Mjomba hakunikaripia wala hakunicheka. Nilimpigia simu kuhusu amplifaya yangu iliyonyamaza upande mmoja, naye aliniuliza tu, “Umepima waya au umepima mguu?” Nikajibu haraka, “Si kitu kimoja, Mjomba?” Akanyamaza. Kisha akasema, “Haya.” Jumamosi tumemwozesha dada, pilau ikatosha hadi majirani wa nyuma, ila kichwani mwangu imebaki hiyo haya moja, sijui ni ya kukubali au ya kunisikitikia.

Ni amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti: EL84 moja kila upande, ndiyo valvu ya mwisho inayosukuma spika, na ECC83 moja katikati, ya kukuza sauti kabla haijafika huko, inayohudumia pande zote mbili, nusu kushoto na nusu kulia. Upande wa kushoto ulinyamaza ghafla baada ya siku mbili za raha.

Nilianzia mwisho, kwenye spika. Nilizibadilishana, zote nzima. Miguu ni vile vijiti vya chini vya valvu vinavyoingia kwenye soketi, na kila kijiti kina namba. Kwenye kathodi za EL84, sehemu inayotoa umeme ndani ya valvu, mguu wa 3, kulia volti 7.7 na kushoto 7.6. Risista pale ni ya ohmi 150, kwa hiyo kila valvu inapitisha takriban miliampea 50. Valvu ya mwisho inafanya kazi na transfoma ya sauti haijakatika. Nikagusisha ncha ya mita kwenye gridi, mlango wa sauti kuingia kwenye valvu, mguu wa 2, spika ikalia “tk”. Kwa mguso huo mmoja nusu ya amplifaya imetoka kwenye orodha ya washukiwa. Ubaya uko nyuma yake.

Kwenye ECC83 ndiko namba zilikosema. Anodi, sehemu inayopokea umeme kutoka kathodi: ya kulia volti 164, kathodi 1.3, kama inavyotakiwa kwa risista ya kilo-ohmi 100 kwenye anodi na 1.5 kwenye kathodi. Anodi ya kushoto volti 250, yaani umeme wote wa pale bila kupungua, na kathodi sifuri. Maana yake nusu ile haipitishi kitu. Risista ya anodi ingekatika, anodi isingekuwa na 250. Ya kathodi ingekatika, kathodi ingeelea kwenye volti kadhaa, isingekaa sifuri. Nikabadilisha valvu, hali ile ile. Nikakaza soketi kwa sindano, hali ile ile. Hita, waya wa ndani unaopasha kathodi moto, nilishaipima: volti 6.3, safi. Valvu inawaka, nikigusa kioo kina moto. Hapo ndipo nilipompigia Mjomba kumwambia hita haina neno.

Umepima waya au umepima mguu?

Usiku wa Jumanne, nyumba imelala, nilizima taa za chumba na kuichungulia ECC83 kutoka juu. Kidoa kimoja chekundu. Kimoja! Vinatakiwa viwili. ECC83 ina hita mbili ndani, moja kati ya mguu wa 4 na wa 9, nyingine kati ya wa 5 na wa 9. Kwa volti 6.3 unaunganisha wa 4 na wa 5 kwa kipande cha waya. Kile kipande changu kilikuwa na 6.3 mpaka mwisho wake, lakini risasi ya kulehemu kwenye mguu wa 5 wa soketi ilikuwa imekaa kama tone la umande juu ya jani la mgomba: imegusa, haijashika. Niliposogeza ncha ya mita milimita mbili, kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma cha mguu wenyewe, ikasoma sifuri. Nusu moja ya moto ilitosha kupasha kioo chote, nami nikaridhika na kioo.

Nilicheka peke yangu pale gizani, na ile haya ikaanza kupoa.

Kuitengeneza ni dakika kumi. Chomoa plagi, maliza chaji ya kapasita kwa risista ya kilo-ohmi 10 ya wati 5, kisha pima uhakikishe imeshuka. Usiamini kuhesabu tu. Nyonya risasi ya zamani, kwangua mguu kwa wembe mpaka chuma king’ae, pitisha waya tunduni na uukunje ushike wenyewe kabla ya risasi. Halafu pasha mguu, si waya. Kosa langu lilikuwa hilo: waya wa hita ni mnene, ulimeza moto wote na mguu ukabaki baridi. Ukimaliza, umeme bado umezimwa, pima ohmi kati ya wa 4 na wa 5 valvu ikiwa ndani: iwe karibu sifuri. Ukipata ohmi kadhaa, unapima hita mbili zilizofuatana, kiungo bado hakijashika.

Baada ya nusu dakika ya kupata moto: anodi ya kushoto 161, kathodi 1.3. Sauti kote.

Sijampigia Mjomba. Nitampigia kesho, nimwambie ulikuwa mguu, nisikie safari hii atasema haya ya namna gani.

Kitindamimba amekohoa tena usiku, mara tatu, kikavu. Mama yake anasema ni vumbi la maturubai ya harusi. Maturubai yalishaondoka Jumapili.