Mradi wa Celica: zamu ya shokapu za mbele

Breki na rejeta zilishaisha, sasa nimehamia chini. Kwa wageni wa mradi huu: gari ni Celica ST202 ya mwaka 1996, inavuta miguu ya mbele. Wanaonisimamisha Majengo kuuliza kama ndiyo ile ya Safari Rally, jibu ni hapana. Ile aliyoshinda nayo Juha Kankkunen mwaka 1993 ilikuwa GT-Four, inavuta miguu yote minne. Hii yangu ni binamu yake wa mjini.

Kilichonipeleka gereji ni kelele. Kila nikikanyaga rasta za barabara ya Arusha, kuanzia Boma Ng'ombe kwenda mbele, kushoto panagonga ko-ko-ko. Fundi akatega sikio, akasema, "Mangi, shokapu hiyo imekwisha." Kweli ilikuwa imekwisha, ila kelele haikuwa yake. Tulipoinua gari na kuliweka kwenye stendi, nikashika stabiliza linki, kile kijiti kinachounganisha mguu wa shokapu na chuma cha stabiliza, na kuitikisa: inacheza kama jino bovu. Shokapu mara nyingi hufa kimyakimya, na kwa kuwa inachoka kidogo kidogo, dereva unaizoea hadi unadhani gari ndivyo lilivyo.

Kile kipimo cha kukandamiza kona ya boneti na kuachia, nilikifanya. Gari likapanda, likatulia. Ungesema zima. Siku hizi sikiamini sana, maana mkono hausukumi kwa kasi ya tuta, na shokapu iliyochoka nusu inapita mtihani huo bila shida. Nilichoamini ni tairi. Pitisha kiganja kulizunguka: limelika mabonde mabonde, alama ya tairi lililokuwa likirukaruka badala ya kubana lami. Halafu nikavuta juu buti la vumbi, ule mpira unaofunika rodi, chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu. Rodi imelowa oili, vumbi limeshika hapo hadi limekuwa tope jeusi. Unyevu mwembamba tu usingenisumbua. Huu ulikuwa umeshatiririka hadi chini.

Kwenye spea nilitoa macho kidogo. Used za Japani zipo na bei yake inavutia, lakini shokapu iliyotoka kwenye Celica nyingine ina umri uleule wa yangu. Nimechukua mpya za kampuni ya KYB, zote mbili za mbele, pamoja na mauntini za juu (vikalio vinavyoishikiza shokapu kwenye bodi) na buti. Kubadilisha upande mmoja ni kutafuta gari linalokwenda kilema. Kuna jamaa alinishauri nitoboe za zamani, nijaze oili, nichomelee. Gesi ya naitrojeni iliyomo ndiyo inayozuia oili isitoke povu inapopigwapigwa, ukishatoboa, imekwenda.

Kufungua hakukuwa na mengi. Weka alama ya rangi kwenye bolti mbili za chini, toa mpira wa breki kwenye kishikio chake, fungua nati za juu, mguu unatoka mzima, shokapu pamoja na springi yake. Kwenye springi ndipo pa kupunguza stori. Vibano viwili, kimoja kila upande, kaza kwa zamu hadi springi icheze kwenye kikalio chake, ndipo uguse nati ya katikati. Ukiigusa kabla, springi inaondoka na mtu.

Kijana wa gereji alitaka kuishika rodi mpya kwa plaizi ya kujifunga ili isizunguke wakati wa kukaza. Nikamdaka mkono. Mkwaruzo mmoja pale, na kila tuta rodi inapita kwenye sili ikiichana. Pale juu rodi ina sehemu yake ya kushikwa, basi ishikwe hapo.

Kabla ya kufunga tukazisimamisha mbili sambamba, ya zamani na mpya. Mpya ukiikandamiza inapinga mwendo wote, ukiiachia inapanda yenyewe polepole. Ya zamani ikashuka, ikabaki hukohuko chini. Ukiivuta kuna kipande haina uzito wowote, kisha ghafla inashika. Fundi akaivuta na kuisukuma tena na tena, anacheka.

Barabarani, pua haizami tena nikifunga breki, na kwenye rasta usukani umetulia. Kugonga kumeisha pia, lakini hiyo sifa ni ya linki mpya. Tairi bado linavuma; mabonde hayajazibwa na shokapu. Nitalibadilisha kwanza, ndipo niende alaimenti. Nyuma ni mwisho wa mwezi: bolti za kushoto zimeshika kutu, nimeanza kuzipulizia dawa kila jioni.