Ile "one ya 3" iliyodisko haithibitishi kitu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, kauli inarudi: alama hazina maana, fulani aliingia chuo na one ya 3 (daraja la kwanza la pointi 3, yaani A tupu) akadisko, yaani akafukuzwa kwa kufeli, mwaka wa kwanza, na fulani alitokea diploma akamaliza na first class. Watu hao wapo kweli. Ila mtu mmoja, au hata kumi, hawatoshi kukuambia kama alama za kujiunga zinatabiri GPA, yaani wastani wa alama za chuo. Waliolipima jambo hili kwa muda mrefu ni Wamarekani, ambao wana SAT, mtihani wa kujiunga na chuo, tangu 1926 na pia wana wastani wa alama za sekondari za wanafunzi wale wale.

Utafiti wa College Board wa 2008 uliangalia wanafunzi zaidi ya 150,000 walioanza chuo 2006 katika vyuo 110. Uhusiano (r) kati ya SAT na GPA ya mwaka wa kwanza ulikuwa 0.35 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili). Kati ya alama za sekondari na GPA hiyo hiyo, 0.36. Vyote viwili pamoja, 0.46. College Board ndio wenye SAT, kwa hiyo zisome namba zao ukiwa macho, lakini hapa hazikuwapendelea: alama za mwalimu darasani ziliupita mtihani wao kwa unywele.

Wanaoupinga mtihani huichukua 0.35, wakaizidisha kwa yenyewe, wakapata 0.12, kisha wakatangaza kwamba mtihani unaeleza asilimia 12 tu ya tofauti za GPA. Hesabu ni sahihi, ila haimsaidii afisa udahili. Uliza hivi: kati ya wanafunzi 100 walio nusu ya juu kwa alama za kujiunga, wangapi watakuwa nusu ya juu kwa GPA? Kama alama zimetawanyika kwa umbo la kawaida la kengele, r ya sifuri inakupa 50, yaani kurusha shilingi. r ya 0.35 inakupa 61. r ya 0.62 inakupa 71. Kwa hiyo hata kipimo kizuri kinawaacha karibu watu 30 katika kila 100 wakiangukia upande usiotarajiwa. Yule wa one ya 3 aliyedisko yumo humo, na kuwepo kwake kulitarajiwa tangu mwanzo.

Hiyo 0.62 imetoka kwenye utafiti ule ule, na hapa ndipo wengi wanapopotea. GPA unaiona ya waliodahiliwa tu. Waliokataliwa hawana GPA ya chuo, na wengi wao ndio waliokuwa na alama za chini. Ukikata mkia wa chini, alama za waliobaki zinakaribiana, na uhusiano unapungua hata kama mtihani haujabadilika. Ipo kanuni ya kurekebisha. Chukua mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka wastani) wa waombaji wote, gawa kwa ule wa waliodahiliwa, jibu liite u. Kisha:

r mpya = (r × u) ÷ √(1 − r² + r²u²)

Tuseme waombaji wana mkengeuko wa 200 na waliodahiliwa 125. u ni 1.6. Ukianza na r ya 0.35, juu unapata 0.56, chini unapata takriban 1.09, na jibu ni 0.51. Kwa marekebisho ya aina hii, SAT ya 2008 ilipanda hadi 0.53, alama za sekondari hadi 0.54, na vyote pamoja 0.62. Namba ghafi inamhusu aliyekwishaingia darasani. Iliyorekebishwa inamhusu anayepanga rundo la maombi mezani, na huyo ndiye mwenye uamuzi wa kufanya.

Kuna mtego wa pili unaozaliwa na udahili wenyewe. Chuo kinachopima vitu viwili humchukua mwenye mtihani dhaifu pale tu rekodi yake ya shule inapokuwa nzuri sana, na kinyume chake. Aliye dhaifu kote kote haingii. Matokeo yake, ndani ya darasa wale wa mtihani dhaifu wanaonekana wachapakazi na wa mtihani mkali wanaonekana wazembe. Ni mchujo uliowakusanya hivyo. Nadhani hili ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya sifa za wanafunzi wa diploma: wanaopata nafasi wamechujwa kwa ukali, na tayari wamekaa miaka kadhaa wakifanya mitihani ya kichuo katika fani ile ile.

Basi rekodi ya shule au mtihani? Inategemea unatabiri nini na kwa nani. Utafiti wa Allensworth na Clark wa 2020, kwa wahitimu wa shule za umma za Chicago, ulikuta alama za sekondari zina nguvu mara tano ya ACT, mtihani mwingine wa kujiunga na chuo, katika kutabiri nani atamaliza chuo. Mwaka huo huo kamati ya wahadhiri ya Chuo Kikuu cha California ilikuta kwamba, kwao, mitihani inatabiri GPA ya mwaka wa kwanza kuliko alama za sekondari. Hata hivyo bodi ya chuo ikausimamisha mtihani. Sioni mgongano hapo. Kumaliza chuo kunataka mtu wa kuhudhuria, kukabidhi kazi kwa wakati na kutokata tamaa, na hayo ndiyo yanayojikusanya katika alama za miaka minne. GPA ya mwaka wa kwanza inategemea zaidi msingi wa somo. MIT, chuo cha sayansi na teknolojia, walipourudisha mtihani 2022 walitaja hesabu waziwazi: kila mwanafunzi wao, hata wa fani gani, lazima apite kalkulasi na fizikia.

Sisi hatuna sehemu hizo mbili. Udahili wa Tanzania unasimama juu ya matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani), na pointi zake huhesabiwa kinyume na zile za daraja, A ikiwa pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S 0.5. Chuo kinachotaka kujua kama pointi hizo zinatabiri kitu kinaweza kupima chenyewe kwa data iliyopo kwenye mfumo wake, ila makosa ni mengi.

Baya kuliko yote ni kuwaacha waliodisko. Ukivuta orodha ya wanaoendelea mwaka wa pili, umeshawatoa wale hasa uliotaka kuwatabiri. Vuta orodha ya waliosajiliwa wiki ya kwanza. Halafu tumia alama za mtihani wa kwanza kabla ya supu (mtihani wa marudio kwa aliyefeli), maana vyuo vingi humwandikia aliyefaulu supu C hata akipata 75. Usichanganye kozi: GPA ya 3.5 ya uhandisi na ya 3.5 ya kozi nyepesi hazilingani, na wenye pointi nyingi ndio wanaojazana kwenye kozi ngumu, kwa hiyo ukichanganya uhusiano unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Waliotokea diploma wapime peke yao.

Jumla ya pointi nayo inaficha mengi. Katika kozi yenye ushindani, ambako karibu wote wana 12 hadi 15, tofauti iliyobaki ni ndogo mno, na A ya 80 na A ya 97 zote ni 5. Jaribu somo moja moja: Hisabati peke yake dhidi ya GPA ya uhandisi, Kemia peke yake dhidi ya GPA ya famasia.

Na usiamue kwa darasa moja. Kwa wanafunzi 40, r ya 0.35 ina ukingo wa asilimia 95 (eneo ambamo r ya kweli inatarajiwa kuwemo) unaotoka 0.04 hadi 0.60, yaani karibu chochote. Kwa 200 ukingo ni 0.22 hadi 0.47. Kwa kozi ndogo itabidi uunganishe miaka mitano, na kabla ya kuunganisha, badili pointi na GPA ziwe umbali kutoka wastani wa kozi hiyo kwa mwaka huo, ukigawa kwa mkengeuko wake, kwa sababu ugumu wa mtihani na ukali wa wasahihishaji haulingani mwaka hadi mwaka.