Siku moja maishani mwangu: gia yenye meno 19

Saa 11 alfajiri huwa nimekwisha kuamka, na kufikia saa 1 kasorobo nimeshashuka kwenye daladala na ninatembea kuelekea mtaa wa Gerezani, iliko karakana yangu. Safari ya kutoka Mbagala kila mkazi wa Dar es Salaam anaifahamu, kwa hiyo naipita.

Saa 1 asubuhi nafungua karakana. Mwanafunzi wangu ananiamkia, anafagia chenga za chuma za jana, nami naitia mafuta mashine ya kukereza, ambayo sisi tunaiita leti tu, kisha naiacha izunguke taratibu bila kazi kwa dakika 10. Mashine hii ni kuukuu kuliko mimi. Ikiwa baridi, kipimo chake huwa tofauti kidogo na kipimo chake ikiwa imepata joto, na katika kazi ninayotaka kuieleza, hicho kidogo ndicho kila kitu.

Mimi ni mchongaji wa vipuri vya chuma. Kodi ya fremu hulipwa na bushi za malori, yaani vipande vya mviringo vyenye tundu ambamo shafti hukaa, na shafti za mashine za kusaga nafaka. Lakini kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya muda wangu imekuwa ikienda kwenye vipuri vya modeli kubwa zinazoendeshwa kwa rimoti: magari ya petroli yaliyotengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 5, ndege ambazo mabawa yake yanazidi meta 2, na meli ambazo hazienei ndani ya gari dogo. Wapita njia wakiziona mezani kwangu husema kwamba fundi siku hizi anatengeneza midoli. Gari la kipimo hicho lina uzito unaozidi kilo 10 na injini ya mipigo miwili ya cc 26, ambayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika. Gia yake ikikatika meno katikati ya mwendo, vipande vyake huruka kama risasi. Sijui mdoli wa namna hiyo.

Kuanzia saa 2 nilikuwa na kazi ya mzee mmoja, mhandisi mstaafu wa meli, anayeijenga MV Liemba kwa kipimo cha 1 kwa 25. Meli yenyewe ina urefu wa takriban meta 71, kwa hiyo modeli yake inakaribia meta 2.85, na amekwisha kumaliza umbo la nje kwa mbao na mabati membamba. Mzee huyu aliwahi kunieleza jambo ambalo tangu siku hiyo halijanitoka: kwamba Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa yote, ikasafirishwa ikiwa vipande ndani ya maelfu ya masanduku hadi bandari ya hapa Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwezi Februari 1915. Nikiwa mtu ambaye kazi yake ni kipande kimoja kimoja, huwa nawafikiria mafundi waliosimama ufukweni mwa Ziwa Tanganyika wakifungua masanduku yale, na kutegemea kwamba kila tundu lililotobolewa Ulaya lingekutana na tundu la mwenzake.

Kazi ya mzee ni shafti mbili za rafadha (propela za kusukumia meli), za chuma kisichoshika kutu, zenye kipenyo cha milimita 8, kila moja ikipita ndani ya mrija wa brasi wenye bushi za bronzi katika ncha zake. Kati ya shafti na bushi nimeacha nafasi ya milimita 0.03 tu. Nikizidisha, maji yatapanda ndani ya meli; nikipunguza, shafti itapata joto na kukwama. Isitoshe, mzee anataka rafadha zake zizunguke pande zinazopingana, na kwa hiyo shafti moja inahitaji nyuzi za skrubu za kawaida na ya pili nyuzi za kushoto, zinazokaza kinyume, ili nati isijifungue yenyewe wakati wa kwenda mbele. Shafti ya kwanza ilikamilika kabla ya saa 5. Niliichomeka ndani ya bushi, nikaizungusha kwa vidole viwili, ikaendelea kuzunguka yenyewe kwa muda bila sauti yoyote. Nilimpigia simu mzee kumwamkia na kumwambia kwamba ya pili ingekuwa tayari jioni. Akanijibu, "Ahsante mwanangu, usiharakishe, mimi nitakuja kesho saa 2 asubuhi." Wateja wote wangekuwa hivyo, ningezeeka polepole.

Saa 5 na robo aliingia mteja wa gia.

Ni kijana mwenye gari la petroli la kipimo cha 1 kwa 5, ambalo hulikimbiza kwenye mchanga wa Kigamboni siku za Jumapili. Mchanga wa pwani ni adui mkubwa wa gia, kwa sababu huingia katikati ya meno ukachanganyika na grisi na kuwa kama msasa. Aliniwekea mezani gia ndogo ya kwenye klachi, meno matatu yamekatika na mengine yamelika hadi kuwa kama meno ya papa, akasema anaihitaji leo kwa sababu kesho kuna wenzake watakaokuja kushindana. Nilimtajia shilingi 90,000. Alicheka, akaishika gia kwa vidole viwili, akaniinulia usoni.

"Fundi, kitu chenyewe kinaenea mfukoni. Rafiki yangu amechongewa bushi ya Fuso kwa 40,000, na ni kubwa mara kumi ya hii!"

Hoja hii naisikia kila wiki, na kila wiki hunichosha, kwa kuwa anayeitoa huwa amepima kazi kwa uzito wa chuma. Bushi ya lori ni duara la nje na duara la ndani, basi. Gia ni meno 19 ambayo kila moja lazima lifanane na wenzake 18. Kabla ya kulichonga jino la kwanza inabidi nijue moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa meno, maana gia mbili zenye moduli tofauti haziwezi kufanya kazi pamoja. Moduli hupatikana kwa kugawa kipenyo cha nje kwa idadi ya meno iliyoongezwa 2. Venia yangu, kipimo cha taya mbili, ilisoma milimita 31.3, na fundi asiye makini angeichukua namba hiyo akaenda nayo. Lakini meno 19 ni idadi witiri: jino la upande huu halitazamani na jino la upande wa pili, linatazamana na pengo, na kwa hiyo venia husoma pungufu ya kipenyo halisi. Nilipima upya kutoka ukuta wa tundu la katikati hadi ncha ya jino lililolika kidogo kuliko yote, nikaongeza nusu ya kipenyo cha tundu, nikaizidisha jumla kwa 2. Nikapata 31.5. Gawa kwa 21, unapata moduli 1.5 kamili. Nilimweleza yote haya kwa upole, nikimwonyesha namba kwenye daftari, naye akasikiliza huku akitazama simu, kisha akasema, "Sawa kaka, basi nifanyie 50,000."

Tulikubaliana 80,000 baada ya muda ambao ningeutumia kuchonga nyuzi za kushoto za mzee. Kisha likaja swali la chuma. Alitaka chuma laini kwa sababu ni rahisi, nami nilikataa, kwani gia ya chuma laini ingelika kabla ya jioni ya mashindano yake. Ninatumia EN24, aina ya chuma kigumu, ambayo tayari imeimarishwa kwa joto kiwandani. Ni ngumu kuchonga na hula visu, lakini hainilazimu kuipika baada ya kuchonga meno, jambo ambalo huweza kulipinda tundu la katikati na kuharibu kazi nzima. Nilikata kipande, nikakifunga kwenye leti, nikakipunguza hadi milimita 31.5 na kukitoboa tundu la milimita 10. Niliposogeza mkono kuzima mashine, ikazimika yenyewe. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuzima swichi kuu, ili urudipo mashine isiamke yenyewe ikiwa mkono wa mtu uko ndani. Jambo la pili ni kusubiri. Tulikula wali na maharage kwa mama lishe wa jirani, mteja akala nasi, kila baada ya dakika chache akiuliza umeme utarudi saa ngapi, kana kwamba mimi ndiye niliyeondoka nao. Ulirudi saa 8 na dakika 20.

Kuchonga meno hufanyika kwenye mashine ya pili, ya milingi, ambayo kisu chake ndicho huzunguka, kwa kifaa cha kugawia mduara. Mkono wa kifaa hicho ukiuzungusha mara 40, kipande cha kazi huzunguka mara 1. Kwa hiyo kwa meno 19, kila jino ni mizunguko 2 kamili ya mkono na kisha matundu 2 zaidi kwenye sahani yenye duara la matundu 19. Mizunguko 2, matundu 2, funga, pitisha kisu, rudisha, fungua. Kisu ni namba 3, kinachofaa gia za meno 17 hadi 20, nacho hushuka milimita 3.375 ndani ya chuma. Kila pengo huchukua takriban dakika 4, mafuta yakimiminika, na katika muda wote huo kichwa hakiruhusiwi kuwa na jambo jingine lolote.

Mteja alikuwa amesimama begani mwangu. Kwanza alitaka kujua kama ninaweza kumchongea na vitovu vya magurudumu. Halafu kama aluminiamu ya aina ya 7075 ni bora kuliko 6061, nami nikamjibu kwamba ndiyo, ina nguvu zaidi kwa mbali. Mwanafunzi wangu alimsogezea kiti mara mbili, naye mara mbili akainuka. Tulikuwa kwenye pengo la 14 aliponigusa bega na kunionyesha kwenye simu video ya gari lake likiruka kichuguu cha mchanga.

Nilimaliza mapengo yote 19 yapata saa 10 kasoro. Niliposhika venia ya kupimia meno, nikakuta jino moja nene na jino la mwisho jembamba, tofauti ya milimita 0.12. Nilijua papo hapo ni nini. Kwenye pengo la 14 pini ya mkono wa kifaa ilikuwa imeingia tundu la tatu badala ya la pili, na kosa la tundu moja, kwenye gia ya ukubwa huu, ni milimita 0.12 hizo hizo.

"Ni unywele tu huo," alisema mteja. "Nipe hivyo hivyo, kaka, mimi sina shida."

Unywele huo ungepiga kila mzunguko, mara elfu nyingi kwa dakika, juu ya gia kubwa ambayo haikuwa na kosa lolote, na baada ya muda mfupi angerudi na gia mbili mbovu badala ya moja, akiwaambia wenzake kwamba zilichongwa na mimi. Nilimjibu kwamba ile haitoki karakanani. Kosa lilikuwa langu, maana mikono iliyoshika kifaa ni yangu, na kwa hiyo chuma cha pili sikumtoza. Nilimwomba tu jambo moja, kwamba akakae kwenye kiti kilicho nje hadi nimwite.

Kuanzia hapo sikutazama saa tena. Nilikata kipande kingine, nikarudi kwenye leti, nikatoboa, nikarudi kwenye milingi. Mgongo ulikuwa unawaka kuanzia kiunoni, na macho yalikuwa yakiniambia kuna matundu 20 kwenye duara la matundu 19. Mwanafunzi wangu alisimama upande wa pili wa mashine na, bila kuagizwa, akaanza kuhesabu nami kwa sauti: moja, mbili, tundu moja, tundu la pili, funga. Kila pengo lilipokamilika alichora mstari kwa chaki kwenye meza. Adhana ya Magharibi ilitukuta kwenye mstari wa 17.

Nilisawazisha kingo za meno kwa tupa ndogo, nikapima yote 19, kisha nikamwita mteja alete gari. Gia ilipokaa mahali pake nilikata kipande chembamba cha karatasi ya daftari, nikakipitisha kati ya gia ndogo na kubwa huku nikizibana na kukaza skrubu. Karatasi ilitoka upande wa pili ikiwa na mikunjo midogo iliyolingana, hakuna uliotoboka. Ndiyo nafasi inayotakiwa. Kijana aliizungusha kwa kidole, akaizungusha tena, akasogeza sikio. Hakusema lolote kuhusu bei. Alihesabu 80,000, kisha akaongeza 5,000 akampa mwanafunzi wangu, akasema, "Huyu anajua kuhesabu."

Gia iliyoharibika nimeiweka kwenye rafu juu ya mashine ya milingi. Kwenye daftari nimeandika: meno 19, moduli 1.5, mizunguko 2, matundu 2. Chini yake nimeandika kazi ya kwanza ya kesho. Mzee wa Liemba atafika saa 2 asubuhi, na shafti yake ya pili bado haina nyuzi, kwa hiyo kesho nitafungua saa 12.