Promotora anapobisha hodi: chanjo kwenye mitaa ya Walatino

Kwa Walatino wa Marekani, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, mhudumu wa afya ya jamii huitwa promotora. Mara nyingi ni mama wa mtaa uleule. Texas humpa cheti baada ya mafunzo ya saa 160, ila watu humfungulia mlango kwa sababu wanamjua.

Chanjo ya Uviko-19 ilipowafikia mwaka 2021, watu hawa walipewa jina la wakaidi. Kwangu huko ni kuwaonea. Muulize mtu, "Umesikia nini kuhusu sindano hii?" kisha nyamaza mpaka amalize. Utakuta ana hofu moja au mbili, na zina chimbuko.

Chukua hofu kwamba chanjo huleta ugumba. Hadi miaka ya 1970 huko Los Angeles, wanawake wenye asili ya Mexico walifungwa kizazi hospitalini, wengine wakisainishwa fomu za Kiingereza huku uchungu umewashika. Kumi walikwenda mahakamani. Mwaka 1978 jaji akawapa ushindi madaktari. Bibi anayekumbuka hayo ukimwambia "huo ni uzushi," umeshampoteza. Promotora hukiri kwanza kwamba yalitokea, ndipo aeleze: mRNA, yaani maelekezo yanayobebwa na chanjo, haiingii kwenye kiini cha seli, na mwili huivunjavunja baada ya siku chache. Aishie hapo. Akiendelea kuhubiri, atachosha.

Halafu kuna makaratasi. Kanuni ya uhamiaji ya mwaka 2019 iliwatia watu woga kwamba anayepokea msaada wa serikali atanyimwa ukaazi. Serikali ikatangaza kwamba chanjo hii haihesabiwi, na wakati huo ilikuwa bure hata kwa asiye na bima. Tangazo hilo huharibikia kwenye meza ya usajili: karani anauliza namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya serikali, ambayo mhamiaji asiye na hati hana), mtu anageuza, na kufika jioni mtaa mzima umeshapata habari. Kwa hiyo promotora hutangulia kituoni, akaomba fomu tupu, akaisoma mstari kwa mstari, na kukubaliana na karani kwamba nafasi ile iachwe wazi bila swali.

Kwa vibarua wa mashamba ya Central Valley, California, kinachouma ni ujira wa siku. Homa na maumivu ya mkono huja ndani ya siku moja au mbili, basi wapangie Jumamosi jioni ili Jumapili wapumzike. Dozi ya pili ya Pfizer ilikuwa baada ya siku 21, ya Moderna 28, na watu walizichanganya. Ilifaa tarehe iandikwe wakati mtu bado amekaa zile dakika 15 za uangalizi baada ya sindano, na kadi ya chanjo ya wakati huo ipigwe picha kwa simu yake mwenyewe, maana karatasi hulowa jasho mfukoni.

Vipeperushi vya Kihispania navyo havitoshi. Vibarua wengi wametoka Oaxaca, jimbo la kusini mwa Mexico, na lugha yao ni Kimixteco, Kitriqui au Kizapoteco. Kihispania wanakiokoteza kazini. Tafuta mtu wa kijijini kwao arekodi ujumbe wa sauti wa dakika moja wa kutuma kwenye WhatsApp, ataje mahali, saa, na kwamba hakuna atakayeulizwa hati za uhamiaji.