Vipande vinne vya sukari kwenye mkoba wa mama

Mama yangu ana kisukari na anachoma insulini, sindano ya kushusha sukari mwilini. Majirani humwonea huruma kwa sukari kupanda, ila mimi naogopa zaidi ikishuka. Akichelewa kula baada ya sindano, jasho jembamba linamtoka, mikono inatetemeka, na anaanza kufoka bila sababu.

Mwanzoni tulikuwa tunamkorogea maji ya sukari. Tatizo lilikuwa kipimo: huyu anajaza kijiko, yule anatia robo, na sukari ikiruka juu haishikiki siku nzima. Nesi wa kliniki akatuelekeza vizuri: mashine ya kupima sukari ikisoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), apewe gramu 15 za sukari inayoingia mwilini haraka, tusubiri dakika 15, tupime tena. Chokoleti haifai, mafuta yake yanaichelewesha.

Hizo gramu 15 ndizo zilizonipeleka dukani kutafuta sukari ya vipande. Uzito wa boksi nikaugawa kwa idadi ya vipande, nikapata gramu 4 hivi kila kimoja. Basi vinne. Fanya hesabu ya boksi lako mwenyewe, maana viwanda havikati sawa. Aliyevibuni, Jakub Kryštof Rad wa kiwanda cha sukari cha Dačice, nchi ya Cheki ya leo, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, mwaka 1843. Inasimuliwa kuwa mkewe alijikata kidole akivunja bonge la sukari, ndipo akabuni vipande. Namshukuru mama yule kila nikihesabu vipande, kwa sababu hata mjukuu wa darasa la pili anaweza kuhesabu mpaka nne.

Tanga kuna unyevu na sisimizi hawalali, kwa hiyo navifunga vinne vinne kwenye karatasi ya foili, kisha ndani ya kikopo cha dawa chenye kifuniko cha kubana. Kimoja kiko kwenye mkoba wake, kingine kando ya kitanda. Wajukuu walivigundua mapema. Mama akawaita akawaambia, “Hizi dawa za bibi, wajukuu zangu, msiziguse,” na hawazigusi.

Tukimpa, anatafuna, anashushia maji. Sukari ikipanda, anakula nusu chapati au ndizi ili isishuke tena. Ikibaki chini, vinne vingine. Ila mtu akishapoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.