Laptopu ya masomo inayokaa na chaji na bado inacheza gemu: nilivyoipata kwa kuhesabu wati

"Chukua yenye GPU kubwa, habari za betri utazoea." Niliambiwa hivyo na watu wanaojua gemu vizuri (GPU ni chipu inayochora picha za gemu), na ni ushauri mbaya. Wengine walinivuta upande wa pili: mwanafunzi anunue laptopu nyembamba ya ofisini, gemu aziache. Makundi yote mawili yanaamini kwamba ukiongeza nguvu ya gemu lazima upunguze saa za betri. Nimepima, si hivyo. Gemu hula umeme wakati inachezwa, na wakati huo mashine huwa kwenye soketi. Betri ya darasani huliwa na kitu kingine: wati ambazo mashine inatumia ukiwa unasoma PDF tu, unaandika, una kurasa kumi za kivinjari wazi. Mashine mbili zenye GPU ileile zinaweza kutofautiana mara mbili hapo, na hakuna tangazo linaloonyesha namba hiyo.

Hesabu yenyewe ni ya kugawanya. Ukubwa wa betri huandikwa kwa Wh, yaani wati-saa. Betri ya Wh 60 kwenye mashine inayokula wati 8 itadumu saa 7 na nusu. Betri ya Wh 90 kwenye mashine inayokula wati 22 itadumu saa 4 na dakika chache. Kwa hiyo betri kubwa haikuokoi ikiwa mashine ni mlafi, na kuna kikomo cha juu pia: betri ya kubeba ndani ya ndege inaruhusiwa hadi Wh 100 bila kibali cha shirika la ndege, ndiyo maana laptopu kubwa nyingi huishia Wh 99 na kitu. Na saa zinazotangazwa kwenye boksi zipunguze kabisa kichwani. Mara nyingi hupimwa kwa kurudia video moja, mwangaza ukiwa chini na Wi-Fi imezimwa. Hakuna anayesoma hivyo.

Nilianza kwa kukosea, na kosa lenyewe ndilo lililonifundisha. Laptopu ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa na betri ya Wh 90, GPU ya Nvidia iitwayo RTX 4060 na prosesa ya Intel yenye herufi HX. Kwenye karatasi haikuwa na kasoro. Bila chaja ilidumu saa 3 na nusu za kuandika na kusoma. Nikapunguza mwangaza, nikawasha hali ya kuokoa betri, nikapata dakika ishirini zaidi. Nikaweka programu ya HWiNFO ili nione wati zinazotoka kwenye betri: 25, na mashine haifanyi chochote.

Sababu ya kwanza ni prosesa. HX za Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14 ni chipu za kompyuta za mezani zilizofungashwa kwa ajili ya laptopu, na Ryzen, prosesa za AMD, za mfululizo wa 7045HX vilevile zimejengwa kwa vipande kama za mezani. Zikiwa na kazi nzito hazina mpinzani, lakini zikiwa zimetulia bado zinakula. Kwa mwanafunzi tafuta prosesa yenye H au HS mwishoni mwa jina. Angalizo: herufi HX katika Ryzen AI 9 HX 370 haina maana hiyo, ile ni chipu ya laptopu halisi. Na kwa Ryzen za mfululizo wa 7000, tazama tarakimu ya tatu: 7735HS ni ya muundo wa zamani, Zen 3+, iliyopewa jina jipya, 7840HS ndiyo yenye muundo mpya zaidi, Zen 4. Wauzaji huziweka rafu moja kana kwamba ni ndugu.

Sababu ya pili ndiyo iliyonichukua siku kadhaa, nami naieleza kwa urefu kwa sababu inaharibu laptopu nzuri nyingi mikononi mwa wenyewe. Laptopu ya gemu ina GPU mbili: ndogo iliyo ndani ya prosesa, na kubwa ya Nvidia au AMD. Ukiwa huchezi, ile kubwa inapaswa kulala usingizi kamili. Ikiamka, hata isipochora chochote, inaongeza wati 8 hadi 12. Kwenye Wh 60 hizo ndizo saa zako za mchana wote.

Nani anaiamsha? Kwenye Nvidia Control Panel, fungua menyu ya Desktop, weka tiki kwenye alama ya shughuli za GPU, kisha bofya alama hiyo chini kulia: itakutajia programu zinazoitumia. Kwangu zilikuwa tatu. Programu ya taa za kibodi ilikuwa ikiuliza joto la GPU kila sekunde. Duka la gemu lililojiwasha pamoja na Windows lilikuwa likichora dirisha lake kwa GPU kubwa. Kivinjari nacho kilikuwa kimewekwa kwenye "High performance" katika mipangilio ya Graphics ya Windows. Nikaondoa ya kwanza, nikaizuia ya pili isijiwashe, ya tatu nikaiweka "Power saving". Wati zikashuka hadi 22 tu. Nilitarajia 14.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa mwizi. HWiNFO ikisoma sensa za GPU kubwa inaweza kuizuia isilale, na amri ya nvidia-smi nayo inaiamsha kila ukiiendesha. Unapima moto huku unaupulizia. Tangu hapo napima kwa njia isiyogusa GPU kabisa: nachomoa chaja, nasubiri dakika mbili, nafungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na kuandika

Get-CimInstance -Namespace root/wmi -ClassName BatteryStatus

kisha natazama mstari wa DischargeRate. Namba iko kwa miliwati: 14200 maana yake wati 14.2. Ikikataa, fungua PowerShell kama msimamizi. Chaja ikiwa imechomekwa utaona sifuri, usishtuke. Rudia mara tano kwa nafasi ya nusu dakika, chukua wastani.

Mashine ile ilitua kwenye wati 15. Zilizobaki zilikuwa za HX na skrini, hazina dawa. Nikairudisha.

Amri hiyo haihitaji kusakinisha kitu, na ndiyo niliyoitumia kuchagua ya pili nikiwa mbele ya kaunta. Muuzaji akikubali mashine ya maonyesho ichomolewe chaja kwa dakika tano, una jibu ambalo hutalipata kwenye karatasi yoyote. Weka mwangaza katikati, Wi-Fi iwe imewaka, kivinjari wazi na ukurasa mmoja. Chini ya wati 9 ni mashine ya kusomea. Kati ya 9 na 12 inavumilika ikiwa betri ni Wh 70 au zaidi. Ikizidi 15, kwanza hakikisha GPU kubwa imelala. Ikiwa imelala na bado ni 15, iache hapo. Mashine mpya kabisa hudanganya kidogo kwa sababu Windows huwa inapakua masasisho kwa nyuma, kwa hiyo tazama Task Manager kabla ya kuilaumu.

Ukiwa hapo hapo endesha pia powercfg /batteryreport. Inatengeneza faili yenye mistari miwili muhimu: DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya pili ikiwa chini ya ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 15, hiyo betri imeshachoka, hasa kwa mashine iliyotumika. Mstari wa kwanza nao hufichua jambo jingine: jina lilelile la laptopu huuzwa na betri mbili tofauti, kwa mfano Wh 48 na Wh 90, na lebo ya nje haisemi. Ile ya bei nafuu inayoonekana kama zawadi kwa kawaida ndiyo yenye 48.

Niliyoichukua ina Ryzen 7 8845HS, RTX 4060 ya wati 100, RAM GB 16, betri ya Wh 76. Ilizidi bei ya ile ya kwanza kidogo tu. Ikitulia inakula wati 7 na nusu, nikiandika na kutafuta vitu mtandaoni inakula 10 hadi 11. Saa 7 za kazi halisi nazipata bila kujibana.

Kuhusu GPU yenyewe, jina halitoshi. RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa na mtengenezaji chochote kati ya wati 35 na 115, na ya wati 45 itapigwa na 4050 iliyolishwa vizuri. Namba hiyo ipo Nvidia Control Panel, menyu ya Help, System Information. Kuanzia wati 80 hivi umefika pazuri, na baada ya 100 unanunua joto na kelele za feni kuliko fremu, yaani picha kwa sekunde. Memori yake nayo ina uzito: 4050 ina GB 6, 4060 ina GB 8, na 4070 ya laptopu ina GB 8 zilezile, kwa hiyo nyongeza ya bei ya 4070 sikuona sababu ya kuilipa. Kwa kizazi kilichofuata ni hivyo hivyo: 5050, 5060 na 5070 za laptopu zote zina GB 8.

RAM iwe vipande viwili, 8 na 8, si kimoja cha 16. GPU ndogo ya ndani haina memori yake, inakopa RAM, na kipande kimoja kinaikata njia nusu. Ukiwa safarini ndiyo utakayoichezea gemu nyepesi, kwa hiyo usiidharau. Radeon 780M iliyo ndani ya 8845HS inacheza gemu za miaka ya nyuma kwa mipangilio ya chini ikila jumla ya wati 25 hadi 30, yaani saa 2 na nusu kwa betri. Gemu hizohizo kwa GPU kubwa bila soketi ningepata saa moja na kidogo, tena zikikwama, kwa sababu betri haiwezi kutoa wati 140 ambazo mashine inavuta ikiwa kwenye chaja, na mfumo unabana kila kitu. Anayekuuzia laptopu akisema inacheza gemu kubwa saa tano bila chaja, hajawahi kugawanya.

Skrini niliyochagua ni ya 1920 kwa 1200, Hz 165, yaani inajichora upya mara 165 kwa sekunde. Zenye msongamano zaidi zinapendeza macho ila zinakula betri na zinailazimisha GPU kufanya kazi zaidi kwenye gemu. Ukichomoa chaja irudishe Hz 60: kwangu inapunguza wati moja na nusu hivi. Jihadhari na skrini iliyoandikwa 45% NTSC, rangi zake zimepauka na mara nyingi mwangaza wake hauzidi niti 250, kwa hiyo kando ya dirisha utaubandika juu kabisa na betri italipa. Ukiwa na skrini ya OLED, ambayo kila nukta hujiwakia yenyewe, kurasa nyeupe ndizo adui.

Kama mashine ina swichi ya MUX, yaani ya kuunganisha skrini moja kwa moja na GPU kubwa, iache kwenye hali mseto siku za masomo. Mtu akiisahau kwenye GPU kubwa pekee atarudi kwenye wati 20 na kulaumu betri. Tundu la HDMI nalo katika laptopu nyingi limeunganishwa na GPU kubwa: ukichomeka projekta, inaamka na hailali hadi uchomoe. Kwa mawasilisho jaribu tundu la USB-C, ambalo mara nyingi huwa kwa GPU ndogo.

USB-C hiyohiyo ihakikishe inapokea chaji. Chaja ya gemu ya wati 230 ikiwa na waya zake inakaribia kilo moja. Ya USB-C ya wati 65 au 100 inaingia mfukoni. Inatosha kwa masomo yote. Kwa gemu haitoshi, betri itashuka polepole hata ukiwa umechomeka.

Mambo mawili ya mipangilio yamenipa zaidi ya yote. Kwanza, nimezuia prosesa isipande mbio bila chaja:

powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive scheme_current

Hiyo 99 badala ya 100 inazima ule msukumo wa ziada, feni zinanyamaza, na katika kuandika na kusoma huoni tofauti. Kwenye chaja haiguswi. Pili, nimeweka kwamba kifuniko kikifungwa mashine iingie Hibernate, yaani ihifadhi kazi diskini na kuzimika, si Sleep, yaani kulala tu. Laptopu za siku hizi zikilala huendelea kushika mtandao, zinapata joto ndani ya begi, na unazikuta na asilimia 60 ulipoacha 90. Kama Hibernate haionekani, washa kwa powercfg /h on.

Kwenye soketi naweka kikomo cha fremu 60 au 90 badala ya kuiacha GPU ikimbie, na chaji isimame kwenye asilimia 80 kupitia programu ya mtengenezaji, kwa sababu betri inayokaa imejaa huku GPU inaichemsha ndiyo inayochakaa haraka. Siku ya mtihani au safari naiachia ifike 100 usiku uliotangulia.